Kiungo bila namba



Sheria ya mine ya mwaka 2002, ile iliyobadilishwa mwaka 2018, inatuhusu sisi wa Dilala. Artikle 242 inasema ya kama 15 kwa mia ya redevansi ni ya entite ya mahali mine inapochimbwa, kama vile komini ao sheferi. Artikle 258 bis inaomba kampuni itoe 0,3 kwa mia ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wakaaji. Lakini mutu akifungua ile sheria kwenye ordinatere, anashuka ukurasa kwa ukurasa mpaka anachoka, anaiacha.

Basi, sisi tunaonyandika kazi ndefu tujue kutia viungo ndani yake. Si kazi nguvu. Kila kichwa tunakipa stili «Titre 1». Kisha tunachagua maneno, tunaenda Insertion, Lien, «Emplacement dans ce document», tunaonyesha kichwa. Musomaji anashika Ctrl, anafinya, amefika.

Lakini tusiandike «finya hapa» tu. Kwenye karatasi, kiungo kinakufa. Tuandike «tazama artikle 242». Robert Estienne alitia namba za mistari katika Agano Jipya mwaka 1551. Mpaka leo zinatufikisha palepale, hata umeme ukikatika. Muzazi asiye na ordinatere naye ana haki ya kuipata ile artikle. Je, sisi wenye kujua, tutamufungia mulango?