Saa Nne, Halafu Mseme Haisaidii

Mpe mgonjwa wa malaria kidonge kimoja tu cha dawa mseto, arudi kesho anatetemeka, kisha utangaze kwamba dawa mseto haitibu. Utachekwa mtaa mzima. Wagonjwa wa Parkinson wanafanyiwa hivyo hivyo na hacheki mtu.

Mwaka 2016 Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 762 wa Parkinson. Kundi moja lilipewa fiziotherapia na tiba kwa vitendo, jingine halikupewa. Baada ya miezi mitatu tofauti haikuonekana, na wenye kubana bajeti wakapata hoja. Someni basi ndani yake! Mgonjwa wa kawaida alionwa mara nne, kama saa moja kila mara, katika wiki nane. Saa nne kwa ugonjwa usiokwisha, na tena wengi wao hawakuwa wamezidiwa. Uholanzi, mwaka 2014, wataalamu wa tiba kwa vitendo waliwafuata wagonjwa majumbani kwa wiki kumi, wakaanza na kile ambacho mgonjwa mwenyewe alisema anataka kukiweza. Wagonjwa hao waliona kazi zao za kila siku zikifanyika vizuri zaidi. Utafiti huo wa pili haunukuliwi sana kwenye vikao vya fedha.

Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ni njema, nami simwambii mtu aiache. Lakini ugonjwa ukikomaa, kidonge hakimzuii mzee asianguke. Anafika mlangoni, nyayo zinanata sakafuni, mwili unatangulia mbele. Mtaalamu wa fiziotherapia hubandika vipande vya utepe hapo, akamfundisha kuvivuka kimoja kimoja au kuhesabu hatua kwa sauti, kwa sababu ubongo ulioshindwa kutembea bila kufikiri bado unaweza kutembea kwa kufuata alama. Hilo halifundishwi kwa karatasi ya picha za mazoezi aliyokabidhiwa mtu dirishani pamoja na risiti.

Na tiba kwa vitendo? Vifungo vya shati, kijiko, kugeuka kitandani, choo. Ndiyo, choo: vijitabu vya Ulaya havikijui choo cha kuchuchumaa. Mtaalamu aliyefika nyumbani anakiona, na anajua bomba la kushikia lifungwe upande gani.

Hapa kwetu Tanzania, wilayani Hai, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa 2008 uligundua kuwa wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Hai inapakana na Moshi, na Moshi ndiko hospitali ya KCMC inakofundisha fani zote mbili ninazozipigania hapa! Wataalamu wanahitimu, na jirani ya chuo chao bibi anaambiwa ni uzee tu huo, avumilie.

Asivumilie. Siku anapoambiwa jina la ugonjwa wake, aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo, kabla hajaanguka, na rufaa iseme saa ngapi, wiki ngapi, na nani atamfuata nyumbani. Bima ilipe kama inavyolipia vidonge. Na mkurugenzi wa hospitali anayeuliza fedha zitoke wapi, kwanza atuonyeshe hesabu ya wazee waliolazwa wadi yake ya mifupa na nyonga zilizovunjika.