Tairi Lisomwe Kabla ya Kununuliwa

Anayesafiri katika barabara kuu itokayo Kisii kupitia Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania mpakani hakosi kuona pikapu na Land Cruiser zilizoinuliwa. Springi zimeongezwa, bodi imekwenda juu, na chini yake yamefungwa matairi mapana yenye meno makubwa. Sababu ya kuyainua magari hayo inaeleweka. Ukiiacha lami kuelekea Macalder, Karungu au nyanda za chini za Nyatike, ambako Mto Kuja hufurika, mvua moja tu hutosha kuugeuza udongo mweusi kuwa gundi. Hali ni hiyo hiyo katika Bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay. Gari la chini halifiki huko msimu wa masika.

Basi simlaumu mtu kwa kuliinua gari lake. Ninalolilalamikia ni jinsi matairi na rimu zinavyochaguliwa baada ya gari kuinuliwa. Aghalabu mnunuzi hutazama tu. Akiona tairi nene, rimu inayong'aa na bei anayoimudu, biashara imekwisha. Wakazi wa Nyatike, ambao wamechimba dhahabu kwa miaka mingi, ndio wangekuwa wa kwanza kutukumbusha kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Isitoshe, magari haya hayabebi samaki, tumbaku na mawe ya mgodi peke yake. Hubeba pia walimu wanaokwenda kusimamia mitihani, na wanafunzi wanaokwenda michezoni na kwenye tamasha za maigizo. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote tulio katika uwanja wa elimu.

Huenda msomaji akauliza, je, mwanaisimu ana nini na matairi? Jibu langu ni kwamba tairi ni andiko. Ubavuni mwake mna herufi na tarakimu zilizopangwa kwa kanuni, na kila alama ina maana yake, sawasawa na mofimu katika neno. Asiyezijua kanuni hizo huona mapambo. Azijuaye husoma habari kamili kuhusu kile anachotaka kukinunua.

Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 265/70R16 112S. Tarakimu 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Tarakimu 70 inaonyesha kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. Herufi R hutuarifu kuwa nyuzi za ndani zinapita moja kwa moja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Tarakimu 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 ni fahirisi ya mzigo, na maana yake ni kwamba tairi hilo linaweza kubeba kilo 1,120, mradi limejazwa hewa ipasavyo. Herufi S ni kikomo cha mwendo, yaani kilomita 180 kwa saa. Lingekuwa na herufi Q, kikomo kingekuwa kilomita 160.

Sasa tuseme mwenye pikapu iliyotoka kiwandani na matairi hayo anataka kufunga ya 285/75R16, kwa kuwa ni makubwa na yanalijaza vizuri pengo lililoachwa na springi mpya. Hesabu ya shule ya msingi inatosha kutuonyesha matokeo. Kipenyo cha tairi la kwanza ni kama milimita 777, na cha la pili ni kama milimita 834. Tofauti ni zaidi ya asilimia 7. Kila gurudumu linapozunguka mara moja, gari huenda mbele zaidi kuliko lilivyokuwa likienda awali, lakini kipima-mwendo kinachohesabu mizunguko hakina habari hiyo. Dereva ataona 80 huku kwa hesabu akienda karibu 86. Itakumbukwa kwamba kilomita 80 kwa saa ndicho kikomo ambacho sheria ya Kenya imeyawekea magari ya abiria na ya biashara. Aidha, breki hazikubadilika. Ni zile zile, na sasa zinatakiwa kulizuia gurudumu zito zaidi lenye kipenyo kirefu zaidi. Gari litahitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame.

Na faida yake ni ipi? Hapa pana kosa la kufikiri ambalo limeenea mno. Watu wengi hudhani kuwa springi ndefu huliinua gari lote. La hasha. Springi huinua bodi, bali difu hubaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu imeshikamana na ekseli. Kinachoiinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Katika mfano wetu, difu imepanda kwa milimita 28, kimo kisichofika upana wa vidole viwili. Wakati huo huo kitovu cha uzito wa gari kimepanda kwa springi na kwa tairi pia. Gari la namna hiyo likikata kona kwa kasi, huku wanafunzi wamesimama nyuma, ni rahisi kupinduka kuliko lilivyokuwa kabla ya kuinuliwa. Mnunuzi na ajiulize kama vidole viwili hivyo vinastahili gharama hiyo.

Swali la pili linahusu meno ya tairi. Tairi la matope lina meno makubwa yenye nafasi pana katikati, ili udongo unaonata upate kutoka linapozunguka. Katika udongo wa Nyatike halina mpinzani. Lakini nafasi hizo hizo zinapunguza mpira unaoigusa lami, na lami ikilowa tairi hushika kwa shida zaidi. Mwenye gari na aihesabu wiki yake. Ikiwa siku sita hupita kwenye lami kati ya Rongo na Migori, na siku moja tu huingia matopeni, basi tairi la kati, lililoundwa kwa njia za aina zote, litamfaa zaidi. Akumbuke pia kulijaribu gari likiwa na mzigo, huku usukani umekatwa hadi mwisho kila upande. Tairi lisilogusa kitu gari likiwa tupu huweza kukwaruza bodi springi zinapolala.

Rimu nayo ina sarufi yake. Hilux ya kuendesha magurudumu yote manne kwa kawaida hushikwa na nati sita katika duara la kipenyo cha milimita 139.7, ilhali Land Cruiser 79 ina nati tano katika duara la milimita 150. Hazibadilishani. Lakini hata nati zikilingana, kuna kipimo kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokutana na kikombe cha gurudumu. Rimu inayotokeza nje sana hulipa gari umbo la kibabe, lakini huongeza mzigo kwenye beringi na kuufanya usukani uwe mzito. Wanaoongeza vipande vya chuma ili kuyasukuma magurudumu nje wanatafuta shida ile ile kwa njia nyingine.

Umri wa tairi pia umeandikwa. Katika maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2000. Tarakimu 2319 zinamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelazwa dukani. Tairi kuukuu lililopakwa rangi nyeusi likang'aa kando ya barabara halina budi kuulizwa umri wake. Halikadhalika, kati ya meno kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakishalingana na vinundu hivyo, tairi limemaliza kazi.

Hatimaye kuna hewa. Mwezi Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yao yakiwa yamefungwa katika gari la Ford Explorer, ambalo ni gari la juu. Tabaka za matairi zilikuwa zikibanduka katika mwendo wa kasi na magari kupinduka, na vifo vilivyohusishwa na kasoro hiyo vilizidi 200. Miongoni mwa mambo yaliyozozaniwa ni hewa. Ford ilikuwa imependekeza ratili 26 kwa kila inchi ya mraba, na Firestone ikasema inafaa iwe 30. Tairi lenye hewa haba hujikunja ubavuni, likapata joto, na joto ndilo adui wa tabaka zake. Ikiwa tofauti ya ratili nne ilizusha mabishano makubwa hivyo baina ya makampuni makubwa, je, sisi tunaopima hewa kwa kulipiga tairi teke tunategemea nini?

Kuna watakaosema kuwa haya yote ni kazi ya fundi. Ninawaheshimu mafundi wetu. Wao ndio waliotupatia difu, beringi, springi, breki na pancha, maneno yaliyokaa vizuri kinywani bila kupitia kikao chochote cha wataalamu. Lakini fundi hawezi kujua gari litapita wapi na litabeba nani asipoambiwa, na muuzaji huuza alicho nacho. Mwenye jukumu la kuchagua ni mwenye gari, na katika shule ni mwalimu mkuu anayeidhinisha malipo au anayekodi gari.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Lugha rasmi haina budi kumlinda mwananchi sokoni. Ninapendekeza kwamba Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) ziwatake wauzaji wa matairi kubandika dukani maelezo ya alama hizi kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka. Karatasi moja inatosha.

Walimu nao wasiingoje karatasi hiyo. Mtaala wa umilisi unatutaka tufundishe stadi za maisha, na somo lipo nje ya darasa, limeegeshwa chini ya mti. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi kazi ya kukokotoa kipenyo, naye wa Kiswahili awatake waandike maelezo ya ubavu mmoja wa tairi. Na kabla ya safari ijayo ya michezo, mwanafunzi mmoja ainame asome fahirisi ya mzigo, tarehe na vinundu, kisha amweleze mwalimu wake alichokisoma. Tairi likionekana kuwa limeisha au halikuumbiwa mzigo huo, safari na iahirishwe. Kuchelewa si kukosa.