Maputo Angani, Mzazi Gizani

Kila kukiwa na kikao cha sisi watu wa teknolojia, lazima atokee mmoja aseme kwamba korona ilitufunza kuwa mtoto anaweza kusomea popote. Ukumbi unapiga makofi. Mimi sipigi. Nakaa pale nyuma na chai yangu nikijiuliza kama huyu ndugu alikuwa Kenya mwaka wa 2020 ama alikuwa kwenye hayo mawingu anayouzia watu.

Nasema hivi, na mwenye kukasirika akasirike. Mzazi wa Kenya mwaka ule hakuwa na njaa ya apu za masomo. Alihitaji habari za kumwezesha kuamua jambo moja: nimrudishe mtoto shuleni au nimweke nyumbani? Sisi tukamletea apu, serikali ikamletea amri, na habari zenyewe hakuna aliyempa. Halafu mpaka leo ni yeye anayelaumiwa. Aliyemrudisha mtoto aliambiwa anamtupa kwenye ugonjwa. Aliyemweka nyumbani aliambiwa anamnyima elimu. Wote wawili waliamua gizani, na swichi ya taa ilikuwako ukutani.

Kwa wale waliosahau, nikumbushe tarehe. Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na tarehe 15 Rais akaamuru shule zifungwe. Tarehe 7 Julai waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea na watoto watarudi Januari. Kisha tarehe 6 Oktoba akatangaza kwamba Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne warudi tarehe 12. Siku sita! Mimi nikimwambia mteja kwamba nitamhamishia seva baada ya siku sita ananiuliza kama nimelewa. Waliobaki wakarudi tarehe 4 Januari 2021.

Sasa ishike hiyo tarehe 7 Julai mkononi kidogo, usiiweke chini. Siku hiyo hiyo ambayo taifa liliambiwa kwamba mwaka wa masomo umepotea, kampuni ya Loon, ambayo ni ndugu ya Google chini ya Alphabet, ilizindua hapa Kenya intaneti ya maputo ikishirikiana na Telkom. Maputo kama 35 yakielea kilomita 20 juu yetu, yakifunika karibu kilomita 50,000 za mraba za magharibi na katikati mwa nchi, Kisumu, Kakamega, Eldoret, Baringo, Nakuru, Narok. Tukajaza kurasa zetu picha za maputo. Uhandisi wenyewe siubezi hata kidogo. Puto halina injini ya kulisukuma mbele. Programu inalipandisha na kulishusha ikitafuta tabaka la upepo unaoelekea inakotaka. Ukiandika msimbo kwa kazi unajua hilo si jambo dogo, na ningelipa nauli kwenda kukaa na walioliandika.

Lakini nishushe macho kutoka huko juu. Ili puto likufae ulihitaji simu ya 4G, na bando, na stima ya kuichaji hiyo simu. Sensa ya 2019, yaani mwaka mmoja tu kabla, ilikuwa imetuambia wazi kwamba nyumba zenye kompyuta au tableti ni asilimia 8.8. Zenye intaneti, asilimia 17.9. Zenye runinga, 40.7. Zenye redio, 56.9. Hizi namba hazikufichwa, zilichapishwa na shirika la takwimu la taifa na zilikuwa bure kwa yeyote. Mtu yeyote aliyekuwa akijenga jukwaa la masomo ya video Aprili 2020 alikuwa akijengea nyumba moja katika kila sita, na alikuwa na njia ya kulijua hilo kabla hajaandika mstari wa kwanza. Kama kuna teknolojia iliyomfikia mtoto wa kijijini mwaka ule, ni redio, ile ya babu yangu yenye betri zilizofungwa kwa mpira. Hiyo haikupigiwa makofi kwenye mkutano wowote.

Na tableti za serikali je? Zile zilizoahidiwa kwenye kampeni za 2013, zikaanza kugawiwa 2016, zikapita milioni moja? Zilikuwa mali ya shule, si ya mtoto, na zilikusudiwa kutumika darasani. Kwa hivyo mtoto akawa nyumbani na kifaa kikawa kabatini. Loon yenyewe, tarehe 21 Januari 2021, siku 17 baada ya shule zote kufunguliwa, Alphabet ikatangaza kwamba inaifunga kwa sababu biashara haikulipa. Maputo yakashuka. Sijasikia mtu akilitaja hilo anapotoa mhadhara wake wa "popote".

Basi tuje Oktoba, ndipo penye uchungu. Binti yangu alikuwa Gredi ya Nne. Ilibidi tuamue. Naambiwa niseme kwamba ulikuwa uamuzi wa mzazi, lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Huo ni uamuzi wa namna yake. Hata hivyo wazazi waliamua, kwa sababu mzazi ni mzazi. Wengine walisubiri wiki mbili waone watoto wa jirani watakuwaje. Wengine walikuwa na nyanya nyumbani mwenye kisukari, na mtoto akirudi na virusi jioni ni nani atakayemlinda nyanya? Wengine walikuwa wameachishwa kazi, na shule ilimaanisha mtoto ana mahali pa kukaa mama akienda kufua nguo za watu. Sitamcheka hata mmoja wao.

Katika kundi letu la wazazi la WhatsApp mama mmoja aliuliza swali ambalo naliona mpaka leo kuwa swali la maana zaidi lililoulizwa mwaka ule: "Kwani darasani watakuwa wangapi?" Hakujibiwa. Tulijibiwa kwamba shule imejiandaa kikamilifu. Shule hiyo, ambayo sitaitaja, ilikuwa na uwezo wa kunitumia SMS yenye salio la karo mpaka shilingi ya mwisho, saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumapili. Idadi ya watoto darasani ilishindikana.

Piga hesabu nami. Chumba cha mita 6 kwa 8. Ukimpa kila mtoto mraba wa mita 1.5 kila upande, umbali tuliokuwa tukihubiriwa kila siku, unapata safu 4 za watoto 5. Watoto 20, na mwalimu hujampa mahali pa kusimama. Tangu 2018 tuna sera ya kila anayemaliza msingi kuingia sekondari, sera nzuri, lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi ya watoto. Kila mtu wizarani alijua hesabu hii haiingii. Ndiyo maana kufikia Oktoba wimbo ulikuwa barakoa, kunawa mikono na kupima joto, na mita 1.5 ikaanza kusahauliwa polepole. Sawa, huenda ilikuwa lazima. Lakini basi mwambie mzazi! Mwambie: kwenu kutakuwa na watoto 65 chumba kimoja, madirisha yako hivi, mifereji ni minne. Mtu mzima akiambiwa hivyo anaweza kuamua.

Na hapa ndipo ninapowashika wenzangu shati. Habari hizo zilikuwako. Kenya ilikuwa na NEMIS, mfumo wa wizara ambamo kila mwanafunzi alikuwa na namba yake na kila shule ilikuwa ikiingiza wanafunzi wake. Fedha za serikali zilikuwa zikigawanywa kwa hesabu hiyo, kwa hivyo tusiambiane eti haikuhesabika. Njia ya kumfikishia mzazi pia ilikuwako. Wakati huo mtihani wa kitaifa ukitoka, mzazi aliye Lodwar na simu ya kabambe alituma namba ya mtahiniwa kwa 20076 na matokeo yakarudi. Wizara hiyo hiyo! Upande wa afya nako kulikuwa na Jitenge, mfumo wa kufuatilia watu walio karantini, na ulifanya kazi hata kwa *299# bila intaneti. Hazina ya data, njia ya SMS, na menyu ya USSD, vyote vitatu, vyote vya serikali, vyote vikiwa hai. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunganisha. Huo ni ujumbe kama huu, namba nimezibuni mimi:

SHULE 1240 WATOTO. MADARASA 19. WASTANI 65. MIFEREJI 4. VISA SIKU 14: 2. ILIFUNGWA: HAPANA.

Hesabu herufi zake. Zinaingia kwenye SMS moja na nafasi inabaki. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu angeiandika programu hiyo kwa wikendi mbili, ya pili ikiwa ya kupigana na kampuni ya simu.

Najua mtaniambia nini. Kwanza, kwamba ukitangaza visa vya shule moja moja utazua hofu na unyanyapaa. Ndugu zangu, hofu ilikuwako tayari, tena ilikuwa ikitembea bila breki. Oktoba hiyo hiyo shule za Tononoka na Star of the Sea kule Mombasa zilifungwa kwa muda baada ya walimu kupatikana na virusi. Mzazi wa Mombasa mwenye mtoto shule nyingine alijuaje kama kwao ni salama? Kwa sauti zilizosambazwa mara nyingi kwenye WhatsApp, za mtu asiyejulikana anayesema binamu yake ni muuguzi. Jimbo la New York kule Marekani lilifungua Septemba 2020 ukurasa ambapo mzazi anatafuta shule ya mtoto wake na kuona visa vilivyoripotiwa. Idadi tu, bila jina la mtu. Sisemi tuige Marekani katika korona, Mungu atuepushe. Nasema hofu ya namba ni ndogo kuliko hofu ya fununu.

Pili, kwamba data ya NEMIS ina makosa, shule nyingine zinaongeza wanafunzi hewa. Kweli kabisa. Sasa kumbuka kwamba mwezi Mei 2020, kwenye mpango wa kufufua uchumi, Rais alitangaza kuajiriwa kwa walimu 10,000 na vijana 1,000 wa teknolojia katika mafunzo ya kazi, hao vijana wasaidie masomo ya kidijitali. Shule za umma ni takriban 30,000. Gawanya: kila kijana shule 30. Mpe simu na muda wa maongezi, apigie shule moja kwa siku amuulize mwalimu mkuu madarasa ni mangapi na maji yanatoka wapi. Angemaliza kabla ya Julai kuisha, akarudia tena kabla ya Oktoba. Na makosa ya NEMIS yangerekebishwa bure humo humo.

Tatu, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi kwa sababu inatoka kwetu: kwamba kazi kama hiyo "haina soko". Ni kweli, mzazi wa Mathare hatalipia. Apu ya masomo ina wawekezaji, ina tuzo, ina picha ya mtoto akitabasamu mbele ya tableti. Menyu ya USSD ya maandishi matupu haipigwi picha. Basi tuseme hivyo, kwamba tulifuata picha. Tusisimame jukwaani kuwaambia watu tuliokoa elimu.

Maana elimu haikuokolewa. Utafiti wa Population Council uliofanywa pamoja na afisi ya Rais uligundua kwamba Januari 2021 milango ilipofunguliwa, asilimia 16 ya wasichana hawakurudi, na asilimia 8 ya wavulana. Sababu moja kubwa ilikuwa karo. Hawa si watoto ambao wazazi wao walipima hatari ya virusi wakaamua kungoja. Kwao miezi kumi nyumbani ilikuwa imeshaamua. Wasichana wengine walikuwa wajawazito, wengine walikuwa wameshazoea kazi ya kuleta shilingi mia nyumbani, na hakuna puto lililowaona.

Serikali ikatuma machifu wawatafute mitaani na vijijini. Kila mtoto aliyekuwa kwenye NEMIS alikuwa na namba, na shule yake ilijulikana, na darasa lake. Orodha ya waliokuwako Machi, ukiondoa orodha ya walioripoti Januari, ni swali moja kwa hifadhidata, mistari minne au mitano. Ningependa mtu wa wizarani anijibu: kuna chifu hata mmoja aliyepewa orodha hiyo, ya lokesheni yake, kwa majina, kabla hajavaa viatu?