TUNAWALAANI WAIGIZAJI, KIINGILIO TULILIPA SISI

Bismillahir Rahmanir Rahiim.


Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya Isha kijana mmoja wa hapa Songea alinitumia kipande cha filamu ya zamani ya Kimarekani, "The Blue Lagoon" ya mwaka 1980. Chini kaandika: "Sheikh, wakemee mabinti. Uchafu wao ulianzia kwa wanawake kama huyu."

Mwanangu, filamu hiyo naijua. Niliiona ujanani kwenye banda la video pale Lizaboni, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta linanguruma nje. Sijisifu, Allah anisamehe. Nayasema kwa sababu mle ndani hakukuwa na binti hata mmoja. Tulikuwa wanaume watupu, na kila mmoja alilipa kiingilio chake.

Sasa tumjue huyo "mwanamke". Anaitwa Brooke Shields, kazaliwa Mei 1965. Filamu ilipopigwa mwaka 1979 alikuwa na miaka 14. Kumi na minne! Rika la mwanao wa kidato cha pili. Kwenye sehemu za utupu walimweka mtu mzima badala yake, lakini tangazo lilibeba uso wa mtoto, na watazamaji tuliuziwa mtoto.

Kabla ya hapo, akiwa na miaka 10, alipigwa picha za utupu. Karatasi ya ruhusa alisaini mama yake mzazi. Alipokua akaenda mahakamani kuzuia picha zile zisitumike tena. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa ya Jimbo la New York ikaamua kwamba hawezi kuitengua ridhaa aliyoitoa mama yake.

Haya, fasiki hapo ni nani? Aliyeuza, aliyenunua, au mtoto?

Wapo watakaosema: "Sheikh anawatetea makafiri." Sitetei filamu. Kuitazama ile ni haramu, na stara kwa mwanamke wa Kiislamu ni wajibu, hilo halina mjadala. Lakini fungua Suratun-Nur. Aya ya 30 inawaamrisha wanaume wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Aya ya 31 ndiyo inawageukia wanawake. Sisi sura hii tunaisoma kwa kuruka aya!

Katika Hija ya kuaga, Mtume (swallallahu alayhi wasallam) alikuwa amempakia nyuma yake kijana Al-Fadhl bin Abbas. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza habari ya kumhijia baba yake mzee. Al-Fadhl akawa anamtazama. Mtume alifanya nini? Mwanamke alimjibu swali lake. Uso wa kijana akaugeuzia upande mwingine.

Leo banda la video limehamia mfukoni. Video ya binti wa mtaani ikivuja asubuhi, kabla ya Magharibi imeshazunguka Mfaranyaki, Msamala, Bombambili, kijiweni kwa bodaboda mpaka kwenye magrupu ya watu wa swafu ya kwanza. Hapo usiitafute Marekani. Mwenye banda ni wewe unayeisambaza.

Nawe mzazi unayemrekodi binti yako wa miaka 10 akikata viuno ili upate wafuasi mtandaoni, umesaini karatasi ileile. Mtoto atakua. Siku atakapotaka ifutwe, itakuwa kwenye simu za watu asiowajua. Walii kawekwa kumlinda mtoto. Nani kampa ruhusa ya kumnadi?

Basi tufanye haya leo:

1. Futa ulichonacho, na usimwoneshe mtu kabla ya kufuta.
2. Ukitumiwa, kiishie kwako. Mwambie aliyekutumia amche Allah.
3. Mfundishe mwanao wa kiume aya ya 30 kabla hujamfokea dada yake kwa aya ya 31.

Yule kijana nilimwuliza swali moja tu: "Kipande hiki umekitoa wapi?" Tiki mbili za bluu naziona. Jibu mpaka sasa hakuna.

Ewe Allah, tusamehe tuliyoyatazama, sitiri watoto wetu, na uyatakase macho yetu kabla hatujanyoosha vidole. Aamiin.

Kama una kidole chepesi cha kusambaza, sambaza hili.

Wabillahi tawfiiq.
Songea, Ruvuma