Mtoto Akililia Wembe, Usimpe

Wahenga waliotutangulia walilonga kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Walikuwa na maana yao: asiyesikia la mkuu, mwache ulimwengu umfunze. Lakini leo, kwa heshima na taadhima, naomba niwapinge wahenga hao. Ninataka tuzungumzie kisu cha springi, na hasa yule anayekitoa kuliko yule anayekililia.

Kwa wale wasiokijua, hiki ni kisu ambacho makali yake hulala ndani ya mpini. Ukibonyeza kidude kidogo, makali huchomoka yenyewe, chap! Hakihitaji mkono wa pili. Swali ni hili: je, sheria iwaruhusu watu kukimiliki na kukiuza? Nchi mbili zimelivalia njuga swali hili kwa zaidi ya miaka 60, na kila moja ina funzo kwetu.

Tuanze na Marekani. Miaka ya 1950 magazeti na filamu za huko zilijaa habari za magenge ya vijana wa mijini na visu hivi. Wazazi wakaingiwa na hofu. Mwaka wa 1958 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria. Tazameni vizuri ilivyofanya. Haikumwambia kila mwananchi, "Toa kisu chako." Iliwashika wafanyabiashara. Mtu akisafirisha visu hivi kutoka jimbo moja hadi jingine kwa biashara, atatozwa faini isiyozidi dola 2,000, au afungwe kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Mambo ya ndani ya jimbo yakaachiwa majimbo yenyewe.

Ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kifungu kilichonifurahisha sana. Mtu mwenye mkono mmoja anaruhusiwa kubeba kisu hiki mradi makali yake yasizidi inchi 3. Kwani yeye atafunguaje kisu cha kawaida cha kukunja? Kumbe springi ile ile inayomtisha mmoja humsaidia mwingine!

Siku hizi majimbo kadhaa ya huko yamelegeza kamba. Texas iliondoa marufuku yake mwaka wa 2013. Tarehe 27 Agosti 2024, mahakama kuu ya jimbo la Massachusetts iliamua kwamba kukataza kubeba visu hivi ni kinyume cha katiba ya nchi, ambayo tangu 1791 inampa raia haki ya kuwa na silaha.

Uingereza nayo ilishika njia yake. Sheria yake ya 1959 ilikataza kuvitengeneza, kuviuza na kuvikodisha visu hivi. Si hayo tu, jamani. Ilikataza pia kumwazima mtu au kumpa! Yaani, mtoto akililia wembe, huko ukimpa ni wewe utakayepelekwa kortini. Hata hivyo, aliyekuwa nacho nyumbani aliachwa kwa miaka mingi. Ni sheria ya 2019, iliyoanza kutumika kwa jambo hili mwezi wa Julai 2021, iliyokataza Uingereza na Wales kukiweka hata chini ya godoro lako mwenyewe.

Sasa nasikia mwenzangu mmoja akiguna, "Ah, bwana! Kisu ni kisu. Kila boma lina panga, na kila jikoni pana kisu cha kukatia sukuma wiki. Mbona tuhangaike na springi?" Hoja hiyo ina uzito, nami sitaitupa jalalani. Ni kweli, kidonda cha kisu cha jikoni hakina tofauti na kidonda cha kisu cha springi. Ndiyo maana mimi siamini kwamba kupiga marufuku springi peke yake kutatuokoa. Hapo Wamarekani wana sababu ya kubishana.

Lakini panga lina kazi: litalima, litakata kuni, litafyeka nyasi. Tena haliingii mfukoni mwa kaptura. Kijana wa Kidato cha Pili anayenunua kisu kinachojificha na kuchomoka kwa sekunde moja, atakifanyia kazi gani? Amenya viazi? Hasha! Nimewaona kwa macho yangu, katika soko moja ambalo sitalitaja, vijana wenye sare za shule wakichagua visu hivi kama wanaochagua peremende. Muuzaji hakuuliza umri wala kazi ya kisu. Alichouliza ni pesa tu.

Kijana huyo akishikwa, mambo humgeukia yeye. Kanuni zetu za Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 308, zinasema kwamba mtu akipatikana na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha alikusudia kutenda kosa kubwa, atafungwa miaka isiyopungua 7 wala kuzidi 15. Miaka 7, wenzangu! Huo ni muda mrefu kuliko ule tunaokaa katika shule ya upili. Na aliyemuuzia yuko wapi? Yuko sokoni anahesabu faida.

Ndipo nasema kwamba sheria nzuri ni ile inayoanzia kwa mtoaji. Uingereza na Wales, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa kisu, hata kile cha kukatia vitunguu, isipokuwa kijisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3. Hapo sheria haiangalii springi. Inaangalia mkono unaonyooshwa kupokea, na kumwambia mwenye duka, "Uliza kwanza." Mtu mzima mwenye kazi yake asisumbuliwe, na mwenye mkono mmoja apate kisu chake. Mtoto wa shule angoje.

Walimu wetu na wazazi, msitusake sisi tu mabwenini huku mkimpita muuzaji langoni mkimsalimu. Nanyi wanafunzi wenzangu, msidanganyike kwamba kisu mfukoni ni ulinzi. Mwenye kisu hujikuta akijibu kwa kisu neno ambalo lingejibiwa kwa neno, na maji yakimwagika hayazoleki.

Wahenga wanisamehe. Wembe wa zamani ulimkata mtoto kidole, akalia, akakoma. Kisu cha springi humkata mtoto wa jirani, naye hana nafasi ya kujifunza lolote. Kwa hivyo, mtoto akililia wembe, usimpe. Akilia sana, mbembeleze.