Picha ya Ndoto Isomwe kwa Macho Kwanza

Mtu akionyeshwa ile picha ya Salvador Dalí yenye saa zilizoyeyuka, huuliza maana yake kabla hajamaliza kuitazama. Haraka hiyo ndiyo inayotupotosha. Tumezoea vitabu vya tafsiri ya ndoto, ambamo kila kitu kimekwisha kupangiwa maana, tukadhani kwamba michoro ya Wasurealisti kama Dalí nayo, kwa kuwa inafanana na ndoto, ina ufunguo uliofichwa mahali fulani. Haina. Picha hiyo ya saa, Kudumu kwa Kumbukumbu, iliyochorwa mwaka 1931 na kuhifadhiwa New York, ni picha ndogo, sentimita 24 kwa 33 tu, na anayetaka kuielewa hana budi kuisogelea. Saa tatu zimelegea: moja inaning'inia kwenye tawi la mti mkavu, ya pili imeteremka ukingoni huku inzi ametua juu yake, ya tatu imekilalia kiumbe cheupe chenye jicho lililofumba na kope ndefu. Ya nne, yenye rangi ya chungwa, ingali ngumu, lakini sisimizi wameivamia. Nyuma ya saa hizo, majabali ya pwani ya Catalonia, alikozaliwa mchoraji, yamesimama imara katika mwanga. Basi kilicholegea si dunia, ni kipimo. Tena kimelegea ubavuni mwa kiumbe kilicholala. Usingizini hatujui ni saa ngapi, ilhali mambo ya miaka mingi hutujia kama ya jana. Jina la picha lenyewe linataja kumbukumbu, wala halitaji wakati.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kujisumbua bure, maana Dalí mwenyewe alieleza kuwa wazo alilipata kwa jibini ya Camembert iliyoyeyuka, wala si kwa nadharia ya Einstein kuhusu wakati kama wengi walivyodhani. Tukubali. Lakini kauli hiyo inaonyesha wazo lilikotoka tu. Haielezi kwa nini ulaini wa jibini uhamie kwenye saa, usihamie kwenye yale majabali. Wengine watauliza: kama ufunguo hakuna, si kila mtu aseme apendavyo? La hasha! Anayedai kuwa picha hii inatabiri vita, atuonyeshe vita hivyo viko pembe gani. Akishindwa, dai lake limeanguka. Kwa hiyo, walimu wa sanaa, msiwaandikie wanafunzi maana ubaoni. Wapeni picha, wataje wanachokiona hadi kiishe, kisha kila atakayetoa tafsiri mwulizeni: umeiona wapi?