Impreza Ipi Iingie Kibanjani?

Bei ya kahawa ya robusta ilipopanda katika soko la dunia mwaka 2024, fedha ziliingia mikononi mwa watu waliokwisha kuizoea shida. Na fedha zikiingia Bukoba na Muleba hazikosi kutafuta njia ya kutokea. Kwa wazee njia hiyo ni mabati na ada za shule. Kwa baadhi ya vijana wetu ni gari la kasi, nalo aghalabu ni Subaru Impreza yenye turbo.

Mapenzi hayo yana asili yake. Impreza ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 na Richard Burns. Gari lililoyaweza matope na mawe ya Kenya, asema kijana, litashindwaje na mlima wa Kamachumu? Asichokitaja ni kwamba gari lile lilifuatwa njia nzima na mafundi wenye shokapu mpya. Yeye atafuatwa na nani?

Basi swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: anunue toleo la zamani au la karibuni?

Toleo la kwanza lilitoka Japani mwaka 1992. Ni jepesi, halifiki kilo 1,300, na waliowahi kuliendesha hawalisahau. Lakini hata yale ya mwisho ya toleo hilo yana umri wa zaidi ya miaka 20. Mipira imekauka, kutu imekwisha ingia, na wengi waliotangulia kulimiliki wameyachezea injini kwa kadiri walivyopenda. Tena si rahisi kama watu wanavyodhani. Yaliyo mazima yanagombewa na wapenzi wa magari ya kale huko Uingereza na Marekani. Na ukiagiza kutoka ng'ambo, forodha yetu hutoza ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu kwa gari dogo lililovuka miaka kumi. Kwa hiyo unafuu ulioupata Japani unaweza kuuacha bandarini Dar es Salaam.

Toleo la tatu, lililoanza mwaka 2007, ni pana na zito zaidi. Lile la STI linakaribia kilo 1,500. Breki zake na mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza ni faida kubwa kwa mwenye watoto katika kiti cha nyuma, maana Bukoba hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka. Lakini kompyuta ikiudhika, fundi wa nyundo na spana hana la kufanya.

Kwa maoni yetu, anayelazimika kuchagua na achague toleo la pili, lililotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2007. Limechangia vipuri vingi na Forester na Impreza za kawaida za miaka hiyo, ambazo zimejaa nchini, na mafundi wengi wamekwisha kuzifungua. Jambo hilo lina uzito kuliko nguvu za farasi. Gari lililosimama Muhutwe likingoja kipuri kutoka Dar es Salaam si la kasi tena.

Usidanganywe na kibao cha namba. Herufi inayofuata tarakimu huonyesha gari liliandikishwa lini hapa nchini, wala si lini liliundwa. Tazama namba ya chesisi: GC8 ni turbo ya toleo la kwanza, GDA na GDB ni za toleo la pili, GRB ni STI ya toleo la tatu. Wala tundu juu ya boneti si ushahidi wa turbo. Wapo wanaolibandika kwa urembo tu.

Sasa tufike kwenye gharama za nyumbani, ambazo muuzaji hazitaji. Magurudumu yote manne husukuma, kwa hiyo tairi moja ikiharibika ni hatari kufunga mpya moja na kuziacha tatu zilizolika, giaboksi huumia. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika injini inazunguka, vali hupinda. Petroli hafifu huifanya injini ya turbo igonge hadi pistoni zipasuke.

Kuna wanaozipata fedha hizo kwa butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na mama mwenye nyumba aghalabu huambiwa mwishoni, wakati wa kuchuma umefika na mavuno ni ya mtu mwingine. Kibanja cha ukoo nacho si dhamana ya turbo. Kijana, kaa na mkeo na wazazi, mhesabu pamoja tairi nne, mkanda na ushuru kabla hujamjibu muuzaji.

Mkikubaliana, nenda ukalitazame gari asubuhi, injini ikiwa baridi, ukiwa na fundi wako mwenyewe na si wa muuzaji. Liwashwe mbele yako. Kisha fundi asimame nyuma aangalie bomba la moshi: ukitoka moshi wa buluu, oili inaungua, na turbo ni ya kwanza kushukiwa.